Kompyuta Mpakato Inapozidi Joto: Sababu Zake, Hatari Zake na Wajibu Wetu

Nchini Uganda, kazi ya kuzima moto na kuokoa maisha imo ndani ya Jeshi la Polisi. Kwa hiyo moto uzukao nyumbani, dukani, ofisini au hosteli hutuhusu tangu mwito wa kwanza wa simu hadi uchunguzi wa chanzo chake. Wananchi wengi wamekwisha kuelewa hatari ya mshumaa ulioachwa ukiwaka, ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani na ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Kipo chombo kingine ambacho siku hizi kimo katika vyumba vingi, nacho hulazwa kitandani pamoja na mwenyewe bila hofu yoyote. Chombo hicho ni kompyuta mpakato.

Jina lake limetokana na kupakata, yaani kuweka juu ya mapaja kama mtoto apakatwavyo na mamaye. Hata hivyo, mapaja, godoro, mto na blanketi ni mahali pabaya kuliko pote pa kuiweka kompyuta hiyo inapofanya kazi. Makala haya yanaeleza kwa nini kompyuta hupata joto, joto la kawaida ni lipi na la hatari ni lipi, mambo ambayo mwenye kompyuta aweza kuyafanya mwenyewe, na lini aache kila kitu na kutafuta msaada. Aidha, tutagusia mambo mawili ambayo watu hawayahusishi na joto, nayo ni wizi wa nguvu za kompyuta kwa njia ya programu za siri, na usalama wa habari zako pindi unapoipeleka kompyuta kwa fundi.

Joto hutoka wapi

Umeme wote unaoingia katika kompyuta huishia kuwa joto, karibu bila kubaki. Sehemu inayotoa joto jingi zaidi ni kichakataji, kile kipande kidogo kifanyacho hesabu zote za mashine. Kinafuatiwa na sehemu inayochora picha kwenye skrini, kisha betri wakati inapochajiwa. Katika kompyuta kubwa ya mezani sehemu hizi zina nafasi ya kutosha na feni kubwa. Katika kompyuta mpakato zote zimebanwa ndani ya mkebe mwembamba kama daftari.

Ili joto hilo litoke, watengenezaji huweka kipande cha shaba juu ya kichakataji. Kati ya viwili hivyo hupakwa ute mzito, unaofanana na dawa ya meno, ambao huziba mianya midogo na kupitisha joto. Kutoka hapo bomba jembamba la shaba hulibeba joto hadi kwenye mapezi ya chuma yaliyo pembeni mwa mkebe. Feni huvuta hewa ya nje, mara nyingi kupitia matundu ya chini, kisha huipuliza kati ya mapezi hayo na kuitoa kupitia matundu ya ubavuni au nyuma. Mlolongo huu ukikatika mahali popote, joto hubaki ndani. Iwe ni feni iliyokwama, matundu yaliyozibwa, mapezi yaliyojaa vumbi au ute uliokauka, matokeo ni yale yale.

Kichakataji kinachofanya kazi nyepesi aghalabu huwa na joto la nyuzi 40 hadi 60 za Selsiasi, na kazi nzito huweza kukifikisha nyuzi 80 au zaidi bila madhara ya papo hapo. Vichakataji vingi vya kompyuta mpakato vimewekewa kikomo kati ya nyuzi 95 na 105. Kikikaribia kikomo hicho, hupunguza mwendo wake chenyewe ili kipoe. Ikiwa hilo halitoshi, kompyuta hujizima ghafla. Kwa hiyo kompyuta inayojizima katikati ya kazi haijarogwa wala haina kiburi. Imejiokoa, nayo inamwambia mwenyewe kwamba njia ya kutolea joto imeziba.

Betri haina ustahimilivu wa kichakataji. Betri za lithiamu hazipendi joto hata kidogo, nazo huzeeka upesi zikikaa kwenye joto jingi huku zimejaa chaji. Ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri kompyuta itumike mahali ambapo hewa ina joto la kati ya nyuzi 10 na 35. Mchana wa kiangazi katika baadhi ya wilaya za kaskazini, au ndani ya kontena la chuma lililogeuzwa duka, kiwango hicho hufikiwa kabla kompyuta haijawashwa.

Dalili za kuangalia

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Kompyuta nayo hutoa dalili zake mapema, na mwenye kuzijua hupata muda wa kutosha kuepuka hasara. Dalili hizo ni hizi:

Feni huvuma kwa sauti kubwa bila kupumzika, hata wakati hufanyi kazi yoyote nzito. Au kinyume chake, sehemu ya chini ni moto sana ilhali feni haisikiki kabisa, jambo linaloonyesha kwamba imekwama au imekufa.

Kompyuta huwa nzito kufanya kazi baada ya dakika chache, ingawa ilipowashwa ilikuwa nyepesi.

Hujizima yenyewe, hasa mchana au inapochajiwa.

Chaji huisha upesi kuliko zamani.

Kibao cha herufi au kile cha kugusia kimeinuka, kifuniko hakifungi sawasawa, au mkebe umeachana pembeni. Hii si dalili ya joto tu bali ya betri iliyovimba, nayo tutaieleza peke yake kwa sababu ya uzito wake.

Kuna harufu tamu ya ajabu, harufu ya plastiki inayoungua, au chaja ni ya moto kiasi kwamba mkono hauwezi kuishika. Hapo pasiwe na mjadala: ondoa umeme mara moja.

Mwili wako nao huweza kukupa dalili. Madaktari wanaujua ugonjwa wa ngozi ambao tangu zamani umewapata watu wenye mazoea ya kuota moto kwa karibu. Ngozi hupata michirizi myekundu au ya kahawia yenye umbo la wavu. Siku hizi michirizi hiyo imeonekana pia kwenye mapaja ya watu wanaopakata kompyuta kwa saa nyingi kila siku. Joto hilo halichomi kama chai ya moto, na kwa sababu hiyo mtu huendelea kulivumilia mpaka ngozi ionyeshe alama.

Sababu zilizo mikononi mwetu

Sababu ya kwanza ni mahali tunapoiweka. Godoro hufanya makosa mawili kwa wakati mmoja: huziba matundu ya chini, na huzuia joto lisitoke kwa sababu sponji na pamba ni vitu vinavyohifadhi joto. Meza ngumu na tambarare yatosha. Asiye na meza aweza kutumia ubao au sinia la bati. Tena ukiweka vifuniko viwili vya chupa, au kitabu chembamba, chini ya pembe za nyuma bila kuziba matundu, hewa itapata nafasi ya kupita chini ya mkebe. Mbinu hii haigharimu kitu, na mara nyingi inatosha kubadili hali.

Sababu ya pili ni vumbi. Kila msimu wa kiangazi, vumbi jekundu la barabara zetu za changarawe huingia madukani, shuleni na katika vituo vya polisi vilivyo kando ya njia. Feni ya kompyuta hulivuta vumbi hilo pamoja na hewa. Baada ya miezi kadhaa mapezi ya ndani hufunikwa na tabaka zito, na feni hubaki kuzunguka bila kupitisha hewa.

Sababu ya tatu ni mfuko. Watu wengi hufunga kifuniko na kuitia kompyuta mfukoni ingali katika hali ya usingizi, yaani haijazimwa. Mashine ya namna hiyo huweza kuamka yenyewe ili kupokea masasisho au kufanya kazi nyingine, na humo mfukoni haina hewa. Mtu hupanda bodaboda au basi, na afikapo safari yake hukuta mfuko una joto na chaji imekwisha. Kabla ya safari, zima kabisa.

Sababu ya nne ni gari. Ndani ya gari lililofungwa vioo na kuachwa juani, joto huweza kupita nyuzi 50. Kuiacha kompyuta humo ni kuiumiza betri. Ni pia kumwalika mwizi avunje kioo. Nasaha ya kuzuia moto na ile ya kuzuia wizi zinakutana hapa: usiiache kompyuta garini.

Sababu ya tano ni chaja. Chaja hupokea umeme wa volti 240 kutoka ukutani na kuushusha hadi volti 19 au 20 hivi. Kazi hiyo si ndogo, na chaja bandia huifanya vibaya. Unaponunua chaja nyingine, soma maandishi yaliyo chini ya chaja yako ya kwanza. Volti za chaja mpya sharti zilingane na za zamani, na ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Chaja nyepesi mno kwa uzito wake, yenye maandishi yaliyokosewa tahajia au isiyo na maandishi kabisa, iachwe dukani. Nunua kwa muuzaji mwenye mahali panapojulikana, naye akupe risiti. Ukiuziwa bidhaa unayoishuku kuwa bandia, toa taarifa kwa shirika la taifa la viwango, UNBS, au katika kituo cha polisi kilicho karibu.

Sababu ya sita ni soketi. Kuunganisha pasi, birika la umeme, televisheni na kompyuta kwenye waya mmoja wa kuongezea ni kuulazimisha waya huo kubeba mzigo usioumudu. Mara nyingi kinachoungua kwanza si kompyuta, bali soketi iliyolegea nyuma ya kitanda. Plagi inayocheza, soketi iliyobadilika rangi kuwa kahawia na waya uliofungwa kwa nailoni ni mambo ya kurekebishwa na fundi umeme aliyeidhinishwa.

Sababu ya saba ni kazi nyingi kupita uwezo. Kurasa arobaini zilizofunguliwa mtandaoni, filamu inayochezwa na mchezo wa picha nzito kwa wakati mmoja hukifanya kichakataji kisipumzike. Funga usichokitumia. Punguza mwanga wa skrini. Tumia ule mpango wa kuokoa umeme uliomo ndani ya mashine. Ikiwa kompyuta yako ina uwezo wa kuizuia betri isichajiwe kupita asilimia 80, nawe huitumia karibu na soketi siku zote, washa uwezo huo. Betri itadumu zaidi.

Joto linaloletwa na mhalifu

Ikiwa kompyuta imewekwa mezani, matundu yake ni safi, hakuna programu uliyoifungua, na bado feni inavuma kama kwamba kuna kazi kubwa, basi yawezekana kwamba kazi kubwa ipo kweli, ila si yako. Wahalifu wa mitandaoni hutengeneza programu hasidi ambazo hujificha na kutumia vichakataji vya watu wengine kupiga hesabu za kuchimba sarafu za kidijitali. Mapato huenda kwa mhalifu, na mwenye kompyuta hubaki na mashine iliyochoka, betri iliyozeeka na tokeni za umeme zinazokwisha upesi.

Kwa kompyuta zinazotumia Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Utaletewa orodha ya programu zinazofanya kazi na asilimia ya kichakataji ambayo kila moja inaitumia. Masasisho halali ya mashine huweza kutumia nguvu nyingi kwa muda, kisha hutulia. Programu usiyoijua ambayo hutumia sehemu kubwa ya kichakataji saa baada ya saa, au ambayo hutoweka mara tu ufunguapo orodha hiyo, inastahili kuchunguzwa. Sasisha mfumo wa kompyuta, ikague kwa programu ya kuondoa virusi, na uachane na programu zilizovunjwa kufuli ambazo huuzwa kwenye diski na fulashi mitaani. Nyingi huja na mgeni ndani yake.

Jihadhari pia na tangazo linalotokea ghafla kwenye skrini likidai kwamba kompyuta yako inaungua au imeambukizwa, na kwamba upige simu fulani au ulipe fedha ili uokolewe. Hiyo ni mbinu ya matapeli. Funga ukurasa huo, na ukishindwa zima kompyuta. Usipige simu hiyo wala usimruhusu mtu usiyemjua aiendeshe mashine yako kutoka mbali. Kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini yake ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, na aliyetendewa ana haki ya kufungua jalada katika kituo chochote cha polisi.

Kusafisha, na namna ya kumwendea fundi

Usafi wa nje ni kazi ya kila mtu. Zima kompyuta, chomoa chaja, iache ipoe, kisha futa matundu kwa brashi laini iliyo kavu. Ukipata kopo la hewa iliyobanwa, puliza kwa vipindi vifupi huku umeizuia feni isizunguke kwa kijiti chembamba, kwa maana feni inayozungushwa kwa nguvu ya hewa huweza kuharibika. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu pumzi ina unyevu. Usitie maji. Katika maeneo ya vumbi, yafaa kufanya hivyo kila baada ya miezi mitatu.

Kufungua mkebe, kubadilisha ute ule wa kupitishia joto au kuweka feni mpya ni kazi ya fundi. Kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo na kuuzwa hapa kwetu zinahitaji huduma hiyo zaidi, kwa kuwa nyingi hufika zikiwa na ute uliokauka na betri iliyochoka. Anayenunua kompyuta ya namna hiyo aombe ifanyiwe usafi wa ndani kabla ya kuanza kuitumia. Adai pia risiti yenye namba ya utambulisho ya mashine. Risiti hiyo humlinda asije akakutwa na mali ya wizi, nayo humsaidia polisi kuirudisha mashine kwa mwenyewe iwapo itaibiwa baadaye.

Kabla ya kumkabidhi fundi kompyuta yako, fikiri juu ya yaliyomo ndani: picha za familia, vyeti, barua za kazi na nywila za benki. Nakili faili zako kwenye diski nyingine na uondoke katika akaunti zako za barua pepe na za fedha. Usimpe fundi nywila asiyoihitaji. Kusafisha feni hakuhitaji nywila yoyote. Andika namba ya utambulisho ya mashine, uchukue hati ya makabidhiano, na ikiwezekana kaa pale kazi ifanyike mbele ya macho yako. Mafundi walio wengi ni watu waaminifu. Lakini fundi mwaminifu hachukizwi na tahadhari ya mteja, bali huifurahia, kwa sababu humlinda yeye pia. Faragha ya habari za mtu inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na sheria hiyo haikomi mlangoni pa karakana.

Betri iliyovimba

Betri ya lithiamu inapoharibika, gesi hujikusanya ndani yake na kuitunisha kama mkate uliopata hamira. Betri ya namna hiyo haiponi. Ikibonyezwa, ikitobolewa au ikiendelea kuchajiwa, sehemu zake za ndani zisizopaswa kugusana huweza kugusana, joto likapanda, na joto hilo likazaa joto jingine mpaka betri ilipuke kwa moto. Hata kampuni kubwa zimewahi kukumbwa na hatari hii. Mwezi Agosti mwaka 2006, Dell ilitangaza kuzirudisha betri milioni 4.1 za kompyuta mpakato, na mwezi huo huo Apple ikarudisha betri milioni 1.8. Seli za betri hizo zilitengenezwa na Sony, na chembe ndogo za chuma zilizoingia ndani wakati wa utengenezaji ndizo zilizoweza kuleta hitilafu.

Ukiona dalili za kuvimba, zima kompyuta, chomoa chaja na usiichaji tena. Usiubonyeze mkebe ili ufunge. Usiitoboe betri kwa kudhani kwamba unatoa hewa. Iweke juu ya saruji au bati, nje ya chumba cha kulala, mbali na mapazia, karatasi, mafuta na watoto, kisha mpelekee fundi anayejua kuitoa. Neno moja zaidi, kwa kuwa tunajua desturi zetu: betri isitupwe kwenye shimo la takataka. Takataka hizo huchomwa jioni, na watoto hupenda kusimama karibu na moto wake. Mwachie fundi au muuzaji anayekusanya vifaa chakavu vya umeme.

Ikiwa moto umekwisha kuzuka

Utaratibu wa kufuata ni huu, nao ujadiliwe na wote wanaoishi katika nyumba au hosteli kabla ya siku ya hatari.

Kwanza, watoe watu chumbani na upige kelele ya kuwaamsha wengine. Moshi wa betri ya lithiamu una sumu, na pumzi chache tu huweza kumdhuru mtu.

Pili, zima umeme kwenye swichi ya ukutani au swichi kuu, ikiwa waweza kuifikia bila kupita kwenye moto.

Tatu, usiikimbize kompyuta inayowaka mikononi. Betri huweza kurusha vipande vya moto, na wengi huungua kwa kutaka kuiokoa mashine.

Nne, ikiwa moto ungali mdogo, umeme umekatwa na nyuma yako kuna njia wazi ya kutokea, mwagia maji mengi ukiwa umesimama mbali. Katika moto wa betri ya namna hii kinachohitajika ni kuipoza, na maji hupoza. Kizimamoto cha unga huzima miali, lakini hakipozi betri, na moto huweza kurudi baada ya dakika chache. Kuifunika kwa blanketi hakufai, kwa sababu blanketi huhifadhi joto lile lile unalotaka litoke.

Tano, kama moto umeshika godoro au pazia, usipigane nao. Toka, funga mlango nyuma yako ili kuuchelewesha, na upige simu namba 999 au 112. Simu hizo ni za bure. Taja wilaya, mtaa au kijiji, alama inayojulikana iliyo karibu, na kama kuna watu waliobaki ndani. Tuma mtu mmoja asimame barabarani ili aelekeze gari la zimamoto.

Sita, usirudi ndani kufuata kompyuta, simu wala vyeti.

Wajibu wa wenye hosteli, wakuu wa shule na wazazi

Nchi hii imewazika watoto waliofia katika mabweni. Kila janga la namna hiyo hutukumbusha kwamba moto mdogo huwa mauti panapokosekana njia ya kutokea. Chumba cha mwanafunzi mara nyingi kina kitanda, godoro la sponji, pazia, dirisha lenye nondo na mlango mmoja. Ndani ya chumba hicho kompyuta huachwa juu ya kitanda, chaja ikiwa ukutani, umeme umekatika na mwenyewe amekwenda darasani. Umeme unaporudi, wakati mwingine kwa kishindo, chaja huanza kazi bila mtu wa kuitazama.

Tunawasihi wenye hosteli waweke sehemu ya pamoja ya kuchajia, yenye meza ngumu, soketi nzima na mtu wa kuiangalia. Kanuni ya chumbani iwe fupi, ibandikwe mlangoni: hakuna kuchaji kitandani, hakuna kuchaji usiku watu wakiwa wamelala, na umeme ukikatika kila mtu achomoe chake. Funguo za milango ya dharura zipatikane upesi usiku na mchana. Wakaguzi wetu wa zimamoto wako tayari kufika na kutoa ushauri. Mkuu wa shule au mwenyekiti wa LC1 aweza kupeleka ombi katika kituo cha polisi cha eneo lake.

Kwa wazazi, tunajua kwamba kompyuta ya mtoto wa chuo hununuliwa kwa fedha ya kahawa, ya ng'ombe au ya mkopo wa SACCO. Ndiyo sababu mtoto huogopa kusema kwamba imeanza kujizima au kwamba kifuniko hakifungi. Anahofia kuambiwa kwamba ameiharibu, basi huendelea kuitumia kimya kimya. Mzazi akimwuliza mwanawe kwa upole hali ya kompyuta yake na ya chaja yake, na akakubali kulipia usafi au betri mpya kabla mambo hayajaharibika, atakuwa amelinda mali yake, na pia watoto wa wenzake wanaolala katika jengo hilo hilo.

Ndugu msomaji, usiku wa leo kabla ya kulala, gusa chaja yako, tazama pembe za mkebe wa kompyuta yako, na uiondoe kitandani. Kazi hiyo haizidi dakika moja. Ukiona jambo lolote tulilolitaja, usilifiche wala usingoje kesho kuchomoa umeme. Na ikihitajika, tupigie simu. Tungependa kuitwa mapema kwa jambo dogo kuliko kuitwa tumechelewa.